Re: Mji usio na mlima unaweza kuandaa?

Mkuu, mji usio na mlima unaweza kuandaa michezo ya majira ya baridi, tena ni kawaida tu. Michezo ya vyuo vikuu ya majira ya baridi ya Januari 2025, ya FISU (shirikisho la kimataifa la michezo ya vyuo vikuu), ilipewa jina la Torino, Italia, lakini mbio za skii (mbao za kutelezea kwenye theluji) za kushuka mlima zilifanyika Bardonecchia na za masafa marefu Pragelato, miji ya milimani. Mjini ilibaki michezo ya ukumbini, kama kuteleza kwa madoido kwenye barafu. Viwanja vingi vilikuwepo tangu Olimpiki ya majira ya baridi ya 2006 ya hapo hapo Torino.

Kichwa kitakuuma kwenye usafiri: alfajiri, barabara ya mlimani ina theluji, na mabasi yabebe skii ndefu kuliko wenyewe. Bima usiisahau, Lucerne, Uswisi, walijiandaa miaka kwa michezo hiyo hiyo ya vyuo vikuu, korona ikafuta kila kitu mwishoni mwa Novemba 2021.