TAZARA haijaachwa
Mkuu, umeuliza kama mnaweza kupita na baiskeli na kupiga kambi kwenye TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, kati ya Mbeya na Makambako, ukidhani imeachwa. Hapana, si reli iliyoachwa. Treni za mizigo bado zinapita, kwa hiyo msipige hema kwenye tuta wala kuvuka madaraja yake na baiskeli. Nakaa Iyunga, Mbeya, jirani na stesheni, naziona. Halafu zile kokoto ni kama ngumi, gurudumu halishiki kabisa. Reli iliyokufa kweli kusini ni ya mradi wa karanga wa Waingereza enzi za ukoloni, Nachingwea hadi Mtwara, ilifungwa miaka ya 1960 na vyuma vikang'olewa. Kwa wikiendi moja, bora mpande ile njia ya Isyonje kwenda uwanda wa juu wa Kitulo. Ila Kitulo ni hifadhi ya taifa, kambi inalipiwa, na Juni–Julai umande unaganda juu ya hema. Bebeni mablanketi mazito.