Nyie walimu wa tipii (mazoezi ya kufundisha), mmea ukae gizani kwanza

Juzi nimemkuta kijana wa tipii anafunga foili kwenye jani saa mbili asubuhi, saa nne anataka alipime wanga mbele ya fom tuu. Nikacheka, halafu nikanyamaza, maana huo mchezo naujua mwenyewe.

1. Mmea ukae gizani saa 24 mpaka 48 ndo ufunge foili, kabati la labu linatosha. Ule wanga wa jana lazima uishe kwanza, la sivyo unapima kiporo unakiita chakula cha leo. Mie mwaka wangu wa kwanza niliruka hiyo. Hibiskasi ya kwenye kopo la rangi nimeitoa uani juani moja kwa moja, foili, nikachemsha jani, nikatoa ukijani kwa spiriti, nikadondosha iodini ya kupimia wanga, weee, jani zima bluu-nyeusi kama kaniki, ndo rangi ya wanga hiyo, na palipokuwa na foili, pasipopata mwanga, ambapo pangebaki kahawia, hata alama hakuna. Watoto sitini wamekodoa macho. Badala ya kusema jamani nimekosea, nikalinyanyua na koleo nikauliza, mnaona hapa katikati pamebaki kahawia? Ndiyooo mwalimu! Wakachora kabisa. Binti mmoja wa dawati la nyuma akasema mbona mimi sioni, nikamwambia sogea uangalie vizuri, akasogea, akaangalia, akasema bado sioni mwalimu. Nikamwambia kaa chini. Usiku nasahihisha, michoro yote ina kiraka safi katikati, vema, vema, vema, wa kwake jani jeusi tii. Nikakaa na kalamu nyekundu muda mrefu kweli. Na kosa nikampigia, ndiyo.

2. Spiriti haiwekwi juu ya moto! Bika (kopo la kioo) yenye spiriti iwe ndani ya maji ya moto, bana, lile jiko la gesi la labu, imezimwa. Spiriti inachemka kwenye nyuzi 78 tu na mvuke wake unadaka moto kabla hujaita mama, kuna mwenzangu alikaa muhula mzima hana nyusi.

3. Jani likitoka kwenye spiriti linavunjika kama krispi, lichovye maji ya vuguvugu.

4. Jani la kitunguu msiniletee, lile linaweka sukari, sio wanga. La mwembe gumu, iodini haipenyi. Matembele yapo jikoni kwa mpishi, muombeni kwa adabu lakini, mwaka jana mlimng'olea tuta zima.

Yule kijana nimempa ufunguo wa kabati. Kesho asubuhi anautoa mmea, foili, jua mpaka saa nane, ndo apime. Mie nitakaa dawati la nyuma.