Amani kwa siku mbili: msitu wa mvua hautaki haraka

Wengi wanaopanda Amani, hifadhi ya msitu kwenye milima ya Tanga, kwa mara ya kwanza wana mbuga ya Mikumi kichwani. Wanataka gari, wanataka mnyama mkubwa, na jioni wawe wamesharudi Tanga mjini. Wakirudi wanasema, "Tumeona miti tu." Msitu wa mvua huficha vitu vyake, na huvionyesha kwa anayekaa kimya dakika ishirini mahali pamoja kuliko anayekata kilomita kumi na mbili kwa mkupuo. Kwa hiyo ushauri wa kwanza ni wa kalenda: lala huko usiku mbili. Ukiwa na muda mchache, punguza matembezi ya mchana, usipunguze usiku. Nusu ya utamu wa Amani huonekana kwa tochi.

Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani iko Usambara Mashariki, wilaya ya Muheza, chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS). Ilianzishwa mwaka 1997, ya kwanza ya aina yake Tanzania, na ina hekta 8,380 hivi. Inaanzia chini kabisa, mita 190 juu ya usawa wa bahari, na kupanda hadi zaidi ya 1,100. Tofauti hiyo ya mwinuko uipange kwenye begi lako: Sigi, penye lango, bado kuna fukuto la Muheza, lakini Amani yenyewe, kwenye mita 900 na kitu, jioni ya Julai utatafuta sweta.

Mvua huko haina adabu ya msimu. Pepo za Bahari ya Hindi zinagonga milima iliyo karibu kabisa na pwani, zinapanda, zinapoa, zinamwaga. Kwa mwaka hunyesha karibu milimita 1,900, na hata mwezi wa kiangazi unaweza kuloa. Januari na Februari, kisha Juni hadi Septemba, ndiyo miezi ya kupita kwa raha. Masika, yaani Machi hadi Mei, tunamshauri mgeni aache, si kwa sababu ya kuloa bali kwa sababu ya barabara: udongo mwekundu wa mfinyanzi ukilowa unakuwa sabuni, na kona ni kali. Mpenda vyura na uyoga aje mwanzoni mwa vuli, na akubali tope.

Kutoka Dar es Salaam panda basi la Tanga, ushuke Muheza, kama kilomita 35 kabla ya Tanga mjini. Hapa ndipo safari nyingi huharibika. Magari ya abiria ya kwenda Amani ni machache, na kwa kawaida huondoka Muheza mchana, saa saba au saa nane. Basi lako la Dar likichelewa ukafika saa kumi, kilichobaki ni bodaboda au gari la kukodi, kilomita zaidi ya thelathini za kupanda, huku giza likikukimbilia. Ondoka Dar na basi la alfajiri, la kwanza kabisa. Ukilazimika kupanda bodaboda, begi likae mgongoni kwako, lisifungwe ubavuni, na kwenye kona zenye tope shuka utembee. Mwenye gari lake aje na lililoinuka, na kama mawingu yameshuka, lenye kuvuta magurudumu manne.

Muheza ndiko kwa kutoa pesa, kwa noti ndogondogo. Kiingilio hulipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo ya serikali, na bei ya raia si ile ya mgeni wa nje, kwa hiyo kitambulisho kiwe mkononi. Ila mwongozaji, mama wa chakula na bodaboda ni watu wa taslimu. Piga simu kabla ya kupanda, uulize vyumba na chakula. Ukifika bila taarifa utalala, ndiyo, lakini chakula cha saa mbili usiku hakitakuwepo kwa sababu hakuna aliyekinunua.

Sasa mavazi, na hapa tutakaa kidogo. Jinzi iache nyumbani. Ikilowa inakuwa nzito, haikauki kwa siku mbili, na inachubua mapaja. Suruali nyepesi ya kitambaa cha polista hukauka ukiwa unatembea. Viatu vya ngozi vya bei kubwa vikilowa siku ya kwanza vitabaki hivyo hadi urudi nyumbani, ndiyo maana wenyeji wanavaa gambuti. Chukua gambuti zenye meno yasiyolika, saizi moja zaidi ya mguu wako, na soksi ndefu nene mbili mbili. Meno yakiwa yamelika, jiwe la mtoni litakuangusha. Miguu ya suruali iingie ndani ya soksi: kupe na siafu hupanda kutoka chini.

Mifuko laini ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, kwa hiyo usitegemee kufungia simu kwenye rambo. Kinachofanya kazi vizuri kuliko vifaa vingi vya dukani ni kindoo cha lita nne chenye mfuniko wa kubana. Ndani weka simu, chaja, betri za akiba, kiberiti, soksi kavu na karatasi za chooni. Kamera ikitoka kwenye baridi ya chumbani kuingia kwenye unyevu wa joto, lenzi hupata ukungu. Usiifute. Iache ndani ya begi nusu saa ipate joto taratibu. Darubini nzuri ya msituni ni 8x42. Namba ya pili, yaani kipenyo cha lenzi kwa milimita, ndiyo inayokupa mwanga chini ya majani. Zile za 10 hukuza zaidi, lakini mkono uliochoka unatetemeka, na ndege anatetemeka naye.

Maji lita mbili kwa nusu siku, maana unyevu unakudanganya huna kiu. Ya mtoni yachemshwe au yatiwe vidonge. Mihogo ya kuchemsha, ndizi na karanga vinakutosha hadi mchana. Beba na pakiti mbili za chumvichumvi za kunywa ukiharisha. Kuhusu malaria, Muheza na Sigi ni ukanda wake halisi, juu hupungua lakini haiishi. Lala kwenye chandarua, na anayetoka sehemu isiyo na malaria aonane na daktari mapema kuhusu dawa za kinga.

Mwongozaji mwambie unachotaka kabla hamjaondoka: ndege, mimea, vyura au maporomoko. Usimwambie "vyote". Akisikia hivyo atakupeleka njia ndefu uone vichache. Ondokeni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, wakati ndege wanapiga kelele na kima na mbega wanashuka kula. Saa tano msitu unanyamaza, na huo ndio muda wa bustani ya mimea, iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902. Kuna miti ya mabara mengine humo, na mmoja wao ni somo: Maesopsis eminii, mti wa upande wa Uganda na Kongo, ulitoroka ukajaa msituni. Anayeusambaza ni hondohondo. Anakula tunda, anaruka na mbegu, anaidondosha mbali. Utamjua kwa mlio wa mbawa zake, kama mtu anayepepea moto kwa ungo, kabla hujamwona.

Kwenye miamba yenye kivuli karibu na mito ya chini tafuta ua dogo la zambarau, majani yake mviringo yenye manyoya. Ndilo Saintpaulia, linalouzwa kwenye vyungu madirishani Ulaya nzima. Baron Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani, ndiye aliyelipeleka huko katika miaka ya 1890, na jina likabaki lake. Usiling'oe. Nyumbani litakufa, na pale mwambani halirudi upesi.

Usiku, baada ya chakula, vaa tochi ya kichwani na utembee mita mia tatu tu kando ya njia. Kinyonga akilala hupauka, na tochi ikimpiga anang'aa kama jani lililopakwa chokaa, kwenye ncha kabisa ya kijiti chembamba. Analala hapo kwa akili: nyoka akipanda kijiti, kijiti kinatikisika, naye anajiachia aanguke. Shusha mwanga baada ya dakika moja, na usimshike. Kwenye majani yenye maji kuna vyura wadogo, na Usambara Mashariki ina chura asiyetaga mayai kabisa: anazaa vitoto vilivyokamilika.

Hakuna simba wala tembo wa kuogopa. Vya kuchunga ni vidogo. Kifutu, nyoka mwenye sumu, hujificha kwenye majani makavu, kwa hiyo gogo likizuia njia, panda juu yake, tazama upande wa pili, ndipo ushuke. Usiruke. Upupu upo pembezoni mwa msitu na kwenye mashamba yaliyoachwa. Ukikugusa usijikune wala usikimbilie maji, maana vinyweleo vitasambaa. Bandika utepe wa gundi ubandue, au paka udongo mbichi, uukaushe, uukwangue, halafu ndipo uoge.

Siafu hutembea zaidi baada ya mvua. Ukishawakanyaga, usisimame kuwakung'uta hapohapo katikati ya msafara. Kimbia hatua kumi, kisha vua suruali bila aibu. Ukiwaona mapema, kaa mita nne pembeni yao ungoje. Wadudu wanakimbia mbele ya msafara, na ndege wa chini msituni huja kuwavizia, wale ambao mchana mzima huwaoni. Mwongozaji mzuri akisikia milio ya ndege hao husimama mwenyewe. Akikuvuta uendelee, mwambie mngoje.

Chini ya majani giza huingia mapema. Nje jua linazama saa kumi na mbili na nusu hivi, ndani huoni mizizi kuanzia saa kumi na mbili kasoro. Popote mlipofika, saa tisa mgeuze. Na gari la kushuka Muheza hupita alfajiri, karibu saa kumi na mbili, kwa hiyo lipa chumba na chakula usiku uleule, funga begi, na gambuti uzigeuze chini-juu nje ya mlango. Asubuhi zikung'ute kabla hujaingiza mguu.