Maswali ya Wasomaji: Kemikali za Plastiki na Utando wa Seli

SWALI: Tumefundishwa kwamba utando wa seli huchagua cha kuingiza na cha kuzuia. Mbona bisfenoli A, yaani BPA, kemikali ya kutengenezea plastiki ngumu, hupita bila shida?

JIBU: Utando huchagua kweli, ila kigezo chake kikubwa ni mafuta. Umeundwa kwa tabaka mbili za fosfolipidi, unene wa nanomita 4 hadi 5 hivi: vichwa vipendavyo maji viko pande za nje, mikia ya mafuta imefichwa katikati. Glukosi na chumvi hukwama kwenye mikia hiyo, ndiyo maana huhitaji milango ya protini. BPA haihitaji mlango. Ni molekuli ndogo yenye pete mbili za kaboni zipendazo mafuta, kila pete ikiwa na kikundi kimoja cha haidroksili kipendacho maji. Ukiitikisa katika chupa yenye maji na oktanoli, kimiminika ambacho maabara hukitumia kuwakilisha mafuta, ukolezi wake kwenye oktanoli hufika takriban mara 2,000 ya ule wa majini. Kwa DEHP, kemikali ya kundi la thaleti inayolainisha plastiki ya PVC, tofauti huhesabiwa kwa mamilioni.

Kwa kuwa ina sura mbili, BPA hupenda kukaa karibu na vichwa, haidroksili zikielekea majini na pete zikijipenyeza kati ya mikia. Mpangilio wa fosfolipidi za jirani huvurugika. Lakini usidhani inatoboa mashimo! Majaribio yanayoonyesha utando ukiharibika kwa kawaida hutumia viwango vya mikromola, ilhali BPA huru katika damu huwa nanomola, yaani mara elfu chini, au hata pungufu ya hapo. Ukisoma taarifa ya utafiti, tazama kiwango kilichotumika kabla ya kichwa cha habari.

SWALI: BPA hushika kipokezi cha estrojeni, yaani protini inayopokea homoni hiyo, kwa udhaifu, maelfu ya mara chini ya estradioli, estrojeni kuu ya mwili. Hofu yote ya nini?

JIBU: Udhaifu huo ni wa kipokezi cha ndani ya kiini, ambacho kazi yake ni kuwasha jeni, na matokeo huchukua saa kadhaa. Kuna vipokezi vingine kwenye utando: kile kiitwacho GPER, na sehemu ya vipokezi vya kawaida vya estrojeni vilivyofungwa utandoni kwa asidi ya palmitiki. Huko jibu huja kwa dakika: kalsiamu husogea ndani ya seli, vimeng'enya vya ERK, vinavyopeleka ishara ndani ya seli, huamka. Katika seli za maabara, zikiwemo seli beta za kongosho zinazotengeneza insulini, mwitikio huo umeonekana hata kwa nanomola. Kupima BPA kwa kipokezi cha kiini peke yake ni kuhesabu nusu ya hesabu. Mwaka 2023 mamlaka ya usalama wa chakula ya Umoja wa Ulaya ilishusha kiwango kinachovumilika kwa siku kutoka mikrogramu 4 hadi nanogramu 0.2 kwa kila kilo ya uzito wa mwili, ingawa hoja yake kuu ilikuwa athari kwa kinga ya mwili.

SWALI: Ni kweli kwamba thaleti hutunza damu kwenye mifuko?

JIBU: Ni kweli. DEHP haijaungwa kikemikali na PVC, hivyo huvuja kuelekea penye mafuta. Ikiingia kwenye utando wa chembe nyekundu hupunguza kupasuka kwake wakati wa kuhifadhiwa. Mbadala wowote wa DEHP lazima uonyeshe kwamba chembe hazitapasuka zaidi. Wasiwasi ni kwa anayepokea, hasa mtoto mchanga: mwilini DEHP hugeuka MEHP, ambayo katika wanyama wa majaribio hupunguza utengenezaji wa testosteroni.

SWALI: Nikiacha vyombo vya plastiki vyenye BPA leo, BPA itabaki mwilini miaka mingapi?

JIBU: Si miaka. Ini huiunganisha na asidi ya glukuroniki. Hapo hugeuka kipenda-maji, haipenyi tena utando kwa urahisi wala haishiki kipokezi cha estrojeni, na sehemu kubwa hutoka kwa mkojo ndani ya saa 24. Kinachoiweka mwilini ni kuingia upya kila siku. Anza na chakula cha moto chenye mafuta: kihamishie kwenye glasi au chuma cha pua. Namba 3 chini ya chombo ni PVC. Namba 7 ni kapu la plastiki nyinginezo, ikiwemo polikaboneti, ambayo hutengenezwa kwa BPA. Maandishi "haina BPA" yasikutulize haraka, kwani mara nyingi nafasi yake imechukuliwa na bisfenoli S (BPS), ambayo haipendi mafuta kama BPA lakini nayo hugusa vipokezi vya estrojeni.