Azalea yenye majani ya njano kando ya ukuta

Umeuliza kama azalea yako, kile kichaka cha maua kando ya ukuta, imegeuka njano kwa kiu. Hapana, si kiu. Jani likiwa la njano huku mishipa yake ikibaki kijani, mmea umekosa madini ya chuma: chokaa inayochuruzika kutoka ukuta wa saruji imepunguza tindikali ya udongo, na mizizi haiwezi tena kunyonya chuma vizuri. Azalea ya kinamasi, Rhododendron viscosum, ile nyeupe inayonukia ya mashariki ya Marekani, hutaka udongo wenye pH (kipimo cha tindikali; namba ndogo ni tindikali zaidi) ya 4.5 hadi 6. Ihamishe mbali na ukuta majani yakishapukutika. Mizizi yake ni ya juujuu, kwa hiyo chimba kwa upana kuliko kina, na donge la mizizi lichomoze sentimita 2 au 3 juu ya udongo. Tandaza majani ya msonobari, yasiguse shina. Majivu usiweke kabisa! Salfa ya unga husaidia kurudisha tindikali, ila huchukua miezi. Pima udongo kwanza.