Kabla Hujakata Ekzosi ya Altezza Yako

Wadogo zangu wananitumia picha karibu kila wiki. Altezza, ile sedani ya Toyota, iko juu ya jeki, grinda imelala pembeni, na swali ni lilelile: kaka, nikate wapi? Huwa nawajibu usikate popote leo. Shusha gari, chomoa grinda kwenye umeme, tuongee kwanza, maana gari hili halitengenezwi tena na kile unachotaka kukikata hakipatikani kirahisi.

Altezza ya kwanza ilitoka kiwandani mwaka 1998, ya mwisho 2005. Ile changa kabisa utakayoikuta barabarani ina miaka zaidi ya 20. Kama bado ina ekzosi iliyokuja nayo kutoka Japani, una kitu adimu, hata kama kina kutu. Na kutu hiyo nyingi imeanzia ndani. Petroli ikiungua inazaa maji, na gari la safari fupi, nyumbani sokoni, sokoni nyumbani, halipati moto wa kutosha kuyakausha. Yanatuama kwenye tumbo la sailensa na kulitafuna taratibu. Sisi wa pwani tunaongezewa chumvi ya hewani kwa nje. Kwa hiyo ukiona tundu dogo la ukubwa wa punje ya mchele, gonga eneo lote kwa mpini wa bisibisi. Bati zima linalia ngaa, bati lililooza linajibu kwa sauti iliyokufa.

Hapo ndipo kazi inapoanzia, kwenye kujua gari linaumwa nini. Asubuhi injini ikiwa baridi, mwambie mtu awashe, wewe uwe na chupa ya kupulizia yenye maji ya sabuni. Nyunyizia kila kiungo kuanzia manifoldi, yaani kile kipande cha ekzosi kinachoshika injini, kurudi nyuma. Panapovuja patatoa mapovu. Mtu wa tatu akiziba mdomo wa bomba kwa kitambaa kinene kilicholowa, kwa sekunde chache tu, uvujaji mdogo nao utajisema. Fanya haraka kabla bomba halijapata moto, na ufanyie nje, sio ndani ya banda la gari. Angalia pia masizi meusi pembeni ya gasketi. Ukisikia mlio wa tiki-tiki gari likiwa baridi, halafu ukapotea likipata moto, kagua manifoldi kwa tochi: chuma kikitanuka ufa unajifunga, ndiyo maana mlio unapotea na fundi anakwambia gari ni zima.

Mimi somo hili nililipata kwa gharama. Nilifunga bomba jipya la nyuma, gari likaanza kunywa mafuta, nikalaumu bomba kwa miezi mitatu. Kosa lilikuwa gasketi ya mbele, kabla ya sensa ya oksijeni inayopima moshi kwa ajili ya kompyuta ya injini. Gasketi hiyo niliibana ikiwa imekaa upande. Moshi hautoki kama maji ya mpira, unatoka kwa vishindo, na kati ya kishindo na kishindo presha ndani ya bomba inashuka kiasi cha kuvuta hewa ya nje kupitia tundu. Sensa ikaona oksijeni nyingi, kompyuta ikadhani petroli ni kidogo, ikaongeza. Gasketi ya bei ya chipsi mayai ilinila matenki kadhaa ya mafuta. Tangu siku ile gasketi ya zamani siirudishi hata ionekane nzima, na silikoni ya kawaida siipaki karibu na sensa, kwa sababu mvuke wake unaiua.

Sasa masega, yaani kile kisafisha moshi (catalytic converter) kilichoko kwenye bomba. Utaambiwa yameziba, na tiba utakayopewa ni nondo na nyundo, yavunjwe yamwagwe. Nakuomba ukatae mpaka uoneshwe kipimo. Kuna geji ya presha inayofungwa mahali pa sensa ya oksijeni ya mbele. Gari likiwa sailensi, yaani linaunguruma bila kukanyagwa mafuta, isizidi psi 1.5, na ukipandisha mpaka mizunguko 2500 kwa dakika isizidi psi 3. Ikizidi hapo kuna kizibo mahali, na kinaweza kuwa sailensa iliyoporomoka ndani, sio masega. Ndani ya masega kuna platinamu, paladiamu na rodiamu, madini yenye thamani kubwa, kwa hiyo jiulize pia anayekwambia utoe anayapeleka wapi.

Na hata yakiwa yameziba kweli, hayakujiziba. Gari langu lilikuwa na koili moja, ile inayoipa plagi cheche, iliyokuwa inakufa ikipata joto. Petroli ya silinda ile ilitoka mbichi, ikaenda kuungulia kwenye masega, yakayeyuka. Fundi alinitolea masega, akapokea hela yake, koili ikabaki palepale. Wiki mbili baadaye gari linatetemeka vilevile, taa ya injini inawaka, na sasa nyumba nzima inanuka petroli kila nikiwasha asubuhi. Anza na plagi, koili na ulaji wa oili. Halafu ndipo uhukumu masega. Mimi nilikuja kununua mengine, na siyatoi tena: ninaoishi nao ndio wanaovuta ule moshi.

Ukishajua gari liko salama, tuje kwenye kile unachokitaka, yaani sauti na nguvu. Kwanza jua una injini gani. Altezza RS200 ina injini ya 3S-GE, silinda nne, ujazo wa cc 1998, nguvu za farasi 210 kwenye mizunguko 7600 kwa ile ya gia za mkono. Altezza AS200 ina 1G-FE, silinda sita, cc 1988, farasi 160 kwenye 6200. Hakuna sailensa itakayoifanya nne ilie kama sita, na wanaolia kwamba walipoteza hela wengi walikuwa wanafukuza sauti ya injini ambayo hawana.

Pili, ukubwa wa bomba. Kijana akipata hela anakimbilia inchi 3 kwa sababu jirani yake mwenye gari la tabo, ile feni inayosukumia injini hewa, ameweka inchi 3. Tabo ni habari nyingine. Kwenye injini isiyo na tabo, moshi unatakiwa utoke kwa mwendo, maana kishindo kinachotoka kwa kasi kinaacha mvuto nyuma yake unaosaidia kusafisha silinda. Kutoka inchi 2.5 kwenda 3 unaongeza eneo la tundu kwa asilimia 44, na moshi uleule unapungua mwendo kwa karibu theluthi. Utausikia upungufu huo Barabara ya Mandela kwenye foleni, gia ya pili, mguu ukikanyaga na gari likisitasita. Mtaani wanasema injini inahitaji presha ya nyuma. Hapana, presha ya nyuma haina faida kwa injini. Mwendo wa moshi ndio wenye faida. RS200 inatoshwa na inchi 2.5, AS200 na 2.25. Na kwa kubadili kipande cha baada ya masega peke yake, tegemea farasi wachache sana. Utakachokisikia zaidi ni sauti, na hilo halina ubaya mradi ulijue kabla hujatoa hela.

Kuhusu sauti niseme zaidi, kwa sababu hapa ndipo watu wanajutia. Bomba tupu linafurahisha mtaani dakika kumi. Lipeleke Morogoro. Kuanzia Chalinze, sindano ya mizunguko ikitulia kwenye 3000, ndani ya gari kunaanza kuvuma mvumo mzito unaoingia kichwani, abiria wanaacha kuongea, mtoto analia. Mvumo huo una hesabu yake. Silinda nne zinalipuka mara mbili kila mzunguko, mizunguko 3000 kwa dakika ni 50 kwa sekunde, kwa hiyo unapigwa na mawimbi 100 kila sekunde. Ndiyo sauti ambayo bodi la gari linaipenda na kuivumisha. Dawa yake ni resoneta ya katikati, yaani chombo cha kumeza mvumo, au kipande cha bomba kilichozibwa upande mmoja na kuchomelewa pembeni ya bomba kuu kama tawi. Wimbi linaingia kwenye tawi, linagonga kizibo, linarudi likiwa kinyume na linalokuja, yanauana. Urefu wa tawi ni robo ya urefu wa wimbi. Kwa hewa baridi ingekuwa sentimita 86, lakini sauti inakimbia zaidi kwenye moshi wa moto. Ukikadiria nyuzi 200 mahali pa tawi, inafika kama mita 1 na sentimita 9. Mimi nilikata langu refu kwa makusudi, nikawa nalipunguza kidogokidogo nikijaribu barabarani, mpaka jioni moja kwenye 3000 nikasikia matairi badala ya ekzosi. Nilipaki pembeni nikakaa tu, nikiwa na furaha kubwa.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya 2004 inagusa kelele, na trafiki ana masikio. Zaidi ya hapo kuna mgonjwa nyumba ya tatu. Usifunge mlio ambao wewe mwenyewe usingependa kuusikia saa kumi na moja alfajiri.

Kazi yenyewe ya chini ya gari. Jeki ni ya kunyanyulia, sio ya kulalia chini yake. Weka stendi nne kwenye sakafu ya zege, sukuma gari kwa bega kabla hujaingia. Likicheza, toka upange upya. Tofali la saruji usilitumie kabisa, linapasuka bila kukuonya. Nati nyingi za ekzosi ya Toyota ni za spana namba 14, na baada ya miaka 20 zimekuwa kitu kimoja na bolti. Zipulizie oili ya kulegezea usiku, rudia asubuhi. Ukianza, kaza kidogo kwanza ndipo ufungue. Ule mshtuko wa kukaza unavunja kutu. Ikigoma, pasha nati moto iwe nyekundu, sio bolti. Ikikatikia kwenye manifoldi una kazi ya siku nzima, kwa hiyo usiwe na haraka.

Bomba usinunue lile la maji lililopakwa zinki, hata liwe bei rahisi kiasi gani. Ukilichomelea zinki inageuka moshi mweupe, na usiku unatetemeka kwa homa ukidhani ni malaria. Chuma cheusi cha kawaida kinafaa ukikubali kukibadilisha mapema. Stenlesi ya 304 ndiyo ninayoipendekeza kwa mtu wa pwani. Kabla ya kuchomelea ondoa terminali ya betri, na usichomelee karibu na tenki la mafuta ukiwa peke yako bila ndoo ya mchanga na mtungi wa kuzimia moto.

Pima bomba gari likiwa limesimama kwa uzito wake kwenye matairi, juu ya rampu au shimo, kwa sababu likining'inia kwenye stendi tairi za nyuma zinashuka na nafasi zote zinabadilika. Gusia kwa welding pointi ndogondogo tu, kisha shusha bomba lote, likamilishe ukiwa umesimama mezani. Altezza inasukumwa na tairi za nyuma, ina propela shafti katikati, na kati ya shafti na bomba unataka vidole viwili vipite. Kuna sababu. Mita 3 za stenlesi zikipanda nyuzi 300 zinarefuka kama sentimita moja na nusu. La kwangu la kwanza nililikaza chuma kwa chuma, bila mpira, nikaona limetulia vizuri. Likapasuka kwenye welding ndani ya mwezi. Bomba linatakiwa kuning'inia kwenye mipira yake na kuwa na kipande laini cha kusokotwa nyuma ya manifoldi, kwa sababu injini inajinyonga kila ukikanyaga mafuta.

Mdomo wa nyuma upite bampa. Ukiishia chini ya buti, mwendo unatengeneza mvuto unaorudisha moshi ndani kupitia raba za buti zilizochoka, na kaboni monoksidi haina harufu wala rangi. Ukipata kichwa kuuma kila safari ukiwa umefunga vioo, usimeze panadol ukaendelea. Simama, fungua milango, gari lisitembee tena mpaka ujue linavuja wapi.

Ekzosi yako ya zamani itoe nzima, kiungo kwa kiungo, hata ikikuchukua wikiendi mbili. Safisha, paka oili, funga. Ya kwangu iko stoo juu ya boriti, na mipira yake kwenye mfuko pamoja na nati zote, nimeandika kwa maka kila moja inakaa wapi. Juzi kijana wa Tabata alikuja kupima kona ya nyuma ya AS200 yake iliyokatwa na fundi. Tulilaza ya kwangu sakafuni, tukachukua vipimo kwa waya laini, na yeye akaenda kukunja ya kwake. Ya gari yake ilikuwa imeshauzwa chuma chakavu.

Ukimaliza kufunga, tembea safari mbili au tatu, acha lipoe usiku kucha, kisha rudi chini na spana namba 14 ukaze upya kila nati. Gasketi mpya zinakaa, na nati utakuta zimelegea robo duara.