Jina la shemeji, Ramsbottom

Dada nimekusoma, shemeji anaitwa Ramsbottom, wenzako kazini wanakucheka eti umeolewa na matako, maana "bottom" kwa Kiingereza cha leo ni matako, na we unataka ujue jina limetoka wapi kabla hujawapa watoto. Waache wacheke bana. Hiyo "bottom" ni Kiingereza cha kale, maana yake bondeni, na "rams" ni kondoo dume au vitunguu saumu vya porini, hapo wataalamu bado wanavutana. Mji wenyewe upo mpaka leo, bonde la mto Irwell, kaskazini ya Manchester jirani na Bury, na wenye jina hawakusambaa mbali sana, wengi ni hukohuko mkoa wa Lancashire na mpakani na mkoa wa Yorkshire, Uingereza. Hata yule injinia wa treni John Ramsbottom kazaliwa Todmorden, 1814, hapohapo mpakani.

Anza na cheti cha kuzaliwa cha babu yake urudi nyuma taratibu. Usajili wa serikali wa vizazi, ndoa na vifo huko Uingereza umeanza 1837, kabla ya hapo ni vitabu vya kanisa. Sensa ya 1881 ipo bure kwenye FamilySearch, tovuti ya kutafuta ukoo, ila tafuta na kwa tahajia ya Ramsbotham, makarani waliandika walivyosikia, mi kwa ukoo wa mume wangu herufi moja tu ilinipotezea miezi miwili! Wauza nembo za ukoo usiwape hata senti, nembo hupewa mtu na uzao wake, sio jina zima. Ukikwama huko kwa vitabu vya kanisa, lipa mtafiti anayejua maandishi ya zamani.